Trekta limekufa: utengeneze au uuze? Ukaguzi wa dalili moja baada ya nyingine

Trekta likikwama vibaya, makosa mawili hutokea haraka. La kwanza ni kuliuza kwa bei ya chuma chakavu wakati kilichokufa ni kifaa cha kubadilishwa kwa siku moja. La pili ni kumwaga pesa kwenye injini huku hausingi (kasha la chuma) ya giaboksi ina ufa ambao hakuna aliyeinama kuutazama. Yote mawili yanatokana na kuamua kabla ya kupima. Kwa hiyo hapa tunaanza na dalili, tunapima kwa gharama ndogo kwanza, na tunafungua mpaka pale tu panapotosha kuamua.

Tofauti moja itakusaidia njia nzima. Kuna vitu vinavyolika: ringi, pistoni, slivu (bomba la chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka), beringi, klachi, nozeli (zinazonyunyiza dizeli kwenye silinda), sili. Hivyo vimetengenezwa vibadilishwe, na kuharibika kwake peke yake si sababu ya kuuza. Kuna vitu vinavyobeba: bloku (mwili wa injini), hausingi ya klachi, hausingi ya giaboksi, hausingi ya difu. Matrekta mengi hayana chesisi; hausingi hizo zimefungwa moja kwa nyingine kwa bolti na ndizo mwili wenyewe wa trekta. Ufa au tundu hapo hubadilisha hesabu yote, hata kama injini ni nzima.

Kabla ya kugusa spana

Osha trekta lote, hasa chini. Ufa hujificha chini ya grisi na tope, na fundi anayekagua trekta chafu anakisia tu. Likishakauka, pita na tochi: ubavu wa bloku pande zote mbili, mahali hausingi zinapokutana, masikio ya kufungia ekseli ya mbele, na sehemu inayozunguka mikono ya haidroliki. Mstari mwembamba unaorudi kuwa na oili baada ya kufutwa ni ufa mpaka ithibitike vinginevyo.

Kisha andika namba ya modeli na namba ya injini kutoka kwenye sahani zake, uulizie spea kabla hujafungua chochote. Trekta ambalo kitabu chake hakipatikani wala slivu zake hazipatikani limeshajibu nusu ya swali.

Dalili: injini haizunguki kabisa

Sababu, kuanzia ya kawaida zaidi: betri au terminali, waya wa ethi uliooza, swichi ya usalama ya klachi au ya gia, solenoidi, stata, majimaji juu ya pistoni, injini iliyokamata. Wengi huruka moja kwa moja hadi ya mwisho na kutangaza kwamba injini imekufa.

1. Pima betri ikiwa imepumzika. Betri nzima ya volti 12 iliyojaa husoma takriban 12.6. Ukipiga stata ikashuka chini ya 9.6, chaji au badilisha betri kabla ya kulaumu kingine.
2. Safisha terminali na mahali waya wa ethi unapogusa chuma, mpaka chuma king'ae.
3. Hakikisha gia iko nyutro, PTO (shafti ya nyuma inayoendesha zana) imetolewa, na klachi imekanyagwa mpaka chini.
4. Weka spana ndefu au soketi kwenye nati ya puli ya kranki (shafti kuu ya injini), ujaribu kuzungusha kwa mkono, betri ikiwa imetolewa.

Ikigoma, fungua stata uitoe, ujaribu tena. Meno ya stata yaliyong'ata ya flaiwili huzuia injini nzima, na hii ni kazi ndogo. Ikigoma bado, toa nozeli zote, ujaribu mara ya tatu. Injini ikiachia sasa, kulikuwa na majimaji juu ya pistoni. Wakati wa kuzungusha, uso wako usiwe juu ya matundu. Angalia kilichotoka: dizeli hutoka kwenye nozeli inayovuja, maji huenda yaliingia na mvua kupitia bomba la ekzosi lisilo na kifuniko, au yanatoka kwenye gasketi ya hedi (kifuniko cha juu cha silinda).

Isipoachia kabisa, mimina dizeli iliyochanganywa na oili nyepesi kwenye kila silinda, acha siku kadhaa, kisha yumbisha kranki mbele na nyuma kwa nguvu ya wastani. Usivute trekta hili kwa trekta lingine ukitegemea kuliamsha kwa gia. Konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki) hupinda, ringi hukatika, na silinda moja iliyoshikwa na kutu inakuwa injini nzima ya kutupa.

Kwa uamuzi, historia ndiyo inayotenganisha. Injini iliyokamata kwa kusimama muda mrefu kwa kawaida ina kutu kwenye slivu moja au mbili. Seti ya pistoni na slivu huirudisha. Injini iliyokamata ikiwa kazini, baada ya kukosa oili au maji, mara nyingi imeumiza kranki na beringi zake. Hiyo usiikadirie bei kabla ya kufungua sampu (bakuli la oili chini ya injini).

Dalili: inazunguka, haiwaki au haina nguvu

Karibu kila mara ni mafuta au hewa: dizeli imeisha au ina maji, filta zimeziba, hewa imeingia kwenye mirija, pampu ndogo ya kuvuta imechoka, waya wa kuzimia umebaki umevutwa, filta ya hewa imejaa vumbi. Tazama bomba la ekzosi ukipiga stata. Pasipo moshi kabisa, dizeli haifiki. Moshi mweupe unaotoka kwa wingi maana yake dizeli inafika lakini haiungui: ubaridi, taimingi, au kompresheni ndogo.

Badilisha filta, kisha toa hewa kwa mpangilio: skrubu ya filta kwanza, halafu ya pampu ya nozeli, halafu nati za mirija kwenye nozeli, mpaka dizeli itoke bila mapovu. Hii ni kwa pampu za kizamani tu. Injini za komonreli (zenye mrija mmoja wa presha kubwa unaolisha nozeli zote) hazifunguliwi mirija ikiwa zinazunguka, maana presha yake inaweza kupita bar 1,000, na dizeli inayotoka hapo hutoboa ngozi.

Baada ya hapo ndipo upime kompresheni. Kiwango kamili kiko kwenye kitabu cha injini yako, lakini kinachosema zaidi ni tofauti: silinda zote zikiwa karibu sawa, injini imechakaa kwa usawa, moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, tatizo ni valvu, gasketi, au pistoni ile. Wakati injini inawaka, fungua pia kifuniko cha kujazia oili. Moshi unaosukuma kwa nguvu na mfululizo kutoka hapo, pamoja na moshi wa buluu kwenye ekzosi, ni ringi na slivu zilizokwisha.

Usiuze trekta kwa sababu ya dalili hii peke yake. Pampu ya nozeli, ikithibitika kuwa mbovu, ipelekwe kwa fundi mwenye benchi la kupimia. Ukiifungua nyumbani huwezi kuirudisha kwenye kipimo. Na usipulizie etha kwenye injini yenye plagi za joto au hita ya hewa: huwaka kabla ya wakati na kuvunja pistoni.

Dalili: oili ina rangi ya chai ya maziwa, au maji ya rejeta yanapungua bila kuvuja nje

Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa mapema, na hapa ndipo ukaguzi wa makini unalipa kuliko popote. Maji kwenye oili yanaweza kuwa na sababu ya bei ndogo au ya bei ya kukatisha kazi, na kwenye kijiti cha kupimia zote zinaonekana sawa.

Kwanza hakikisha ni maji. Dondosha matone ya oili kwenye bati lililopashwa moto: yakitatarika, kuna maji. Oili iliyopanda kwenye kijiti lakini ni nyepesi na inanuka dizeli ni jambo lingine, kwa kawaida daframu ya pampu ndogo au sili ya pampu ya nozeli. Kiasi kidogo cha ukungu mweupe chini ya kifuniko cha oili, kwenye trekta linalowashwa dakika chache tu kila mara, huweza kuwa mvuke uliogeuka maji.

Ikiwa ni maji kweli, usiwashe injini tena. Beringi hazistahimili maji, na kila dakika ya kuwasha inaongeza kranki kwenye orodha ya gharama. Sababu kwa mpangilio:

- gasketi ya hedi iliyoungua, hasa baada ya injini kuchemka
- oringi za chini za slivu, kwenye injini zenye slivu zinazoguswa na maji
- kipoza oili kilichotoboka, kwa injini zilizo nacho
- slivu iliyotobolewa na vishimo kutoka upande wa maji
- hedi iliyopasuka, mara nyingi kati ya viti vya valvu
- bloku iliyopasuka

Kipimo kinachozitenganisha kinafanyika kutoka chini. Acha trekta lisimame usiku kucha, kisha legeza nati ya kumwagia oili taratibu. Maji ni mazito kuliko oili, yatatangulia. Mwaga oili, shusha sampu, tandika boksi safi la karatasi chini. Jaza rejeta maji, funga pampu ya mkono ya kupimia presha, na upandishe mpaka presha iliyoandikwa kwenye mfuniko wa rejeta, isizidi. Sasa lala chini na tochi, usubiri. Kuna injini zinazovuja papo hapo, nyingine baada ya saa.

Tone linaloning'inia mahali slivu inapoingia kwenye bloku ni oringi. Maji yanayoteremka ndani ya slivu, yakizunguka pistoni, ni gasketi, hedi, au slivu yenye vishimo. Maji yanayoonekana kwenye ukuta wa bloku wenyewe, mbali na slivu, ni habari mbaya. Sampu ikiwa bado chini, fungua kifuniko kimoja cha beringi ya konrodi utazame: uso wa kijivu ulio laini ni mzima; rangi ya shaba ikijitokeza, beringi imekwisha.

Hedi ikitolewa, weka rula ya chuma iliyonyooka juu yake na ujaribu kupitisha fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi) chini yake kwa urefu, upana na pembe kwa pembe. Hedi iliyopinda huchongwa, ikiwa unene bado unaruhusu. Hedi iliyopasuka hubadilishwa. Bloku iliyopasuka kwa maji kuganda, ufa ukiwa kwenye ukuta wa nje tu, mafundi wa kushona chuma cha kusubu kwa pini wanaweza kuiokoa; kuichomelea kwa welding ya kawaida karibu kila mara kunazaa ufa mwingine pembeni. Ufa uliopita kwenye kiti cha slivu au kwenye beringi kuu: acha kutafuta fundi, anza kutafuta injini nyingine au mnunuzi.

Dalili: injini inagonga, presha ya oili iko chini

Anza na geji. Funga geji ya presha ya kawaida badala ya ile ya dashibodi. Sensa mbovu zimewafungulisha wengi injini nzima. Kisha oili na filta mpya za kiwango sahihi. Kisha valvu ya presha iliyokwama, kisha pampu ya oili. Beringi na kranki huja mwisho.

Kwa pampu za kizamani, silinda inayogonga hupatikana kwa kulegeza nati ya mrija wa nozeli moja baada ya nyingine, injini ikizunguka polepole bila kukanyagiwa mafuta, ukiwa na miwani na glovu, kitambaa kikiwa kimefunika nati. Mlio wa kugonga ukipungua kwa silinda fulani, tatizo liko humo. Usiendeshe zaidi ya dakika moja au mbili.

Kranki huchongwa kwa hatua, kwa kawaida milimita 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00, na beringi hununuliwa kwa saizi hiyo. Soma namba iliyopigwa mgongoni mwa beringi ya zamani: ikiwa tayari ni saizi ya mwisho, hakuna pa kuchonga tena na kranki nyingine lazima inunuliwe. Jambo hilo moja limegeuza uamuzi wa matrekta mengi. Kama konrodi imetoboa bloku, linganisha bei ya injini iliyotumika na bei ya trekta zima, wala usipige hesabu ya kuitengeneza.

Dalili: injini inanguruma, trekta haliendi

Angalia fri plei ya pedali ya klachi kwanza, yaani nafasi ya pedali kushuka kabla klachi haijaanza kuguswa. Pedali isiyo na nafasi hufanya klachi iteleze, na kurekebisha ni kazi ya spana mbili. Halafu jaribu PTO. Kwenye matrekta mengi yenye klachi ya hatua mbili (pleti moja ya mwendo, nyingine ya PTO), PTO ikifanya kazi wakati trekta haliendi kwa gia yoyote, shaka inahamia kwenye pleti ya mwendo au giaboksi. Gia zikiingia vizuri na kelele ikasikika nyuma, ni hafushafti (shafti inayopeleka nguvu kwenye gurudumu) au difu.

Kabla ya kufungua, mwaga oili ya nyuma kupitia kitambaa safi. Unga laini wa kijivu kwenye sumaku ya nati ni uchakavu wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole, hasa vyenye umbo la jino, maana yake giaboksi au kraunwili na pinioni (gia kubwa na ndogo za difu) lazima vifunguliwe, na vipande vingine bado viko ndani vikisaga. Kumbuka pia kwamba kwenye matrekta mengi oili hiyo hiyo ndiyo inayolisha haidroliki, kwa hiyo pampu imekunywa chuma.

Klachi ikiwa imekwisha, trekta hukatwa katikati. Kazi hii si ya jeki za gari. Kabla ya kulegeza bolti, gonga kabari za mbao pande zote mbili kati ya ekseli ya mbele na sehemu inayoibeba, la sivyo injini itapinduka ubavuni mara tu inapoachana na nyuma. Kila nusu isimame kwenye stendi zake. Kwa kuwa kazi kubwa ni kukata na kuunga, badilisha vyote kwa mkupuo: pleti, presha pleti, rilizi beringi, paileti beringi na sili ya nyuma ya kranki. Matrekta ya giaboksi ya powashifti (inayobadilisha gia kwa presha ya oili) yapimwe presha na fundi mwenye vifaa kabla ya kukatwa.

Dalili: haidroliki hainyanyui

Oili ndogo, chujio lililoziba, linkeji ya livu iliyoachia, oringi ya pistoni ya kunyanyulia, valvu ya presha, mwisho pampu. Ni nadra hii peke yake kuwa sababu ya kuuza. Usitafute uvujaji kwa mkono. Pitisha kipande cha boksi. Oili ikipenya ngozini, hata kidonda kikiwa kidogo kiasi cha tundu la sindano, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Limezama, limeungua au limepinduka

Lililozama halipigwi stata hata kidogo: maji hayakandamizwi, konrodi ndiyo inayopinda. Toa nozeli, zungusha kwa mkono, mwaga oili zote, injini, giaboksi na difu. Likishughulikiwa mapema, linaokoka. Lililopinduka nalo huweza kuwa na oili juu ya pistoni, lifuate hatua hizo hizo. Na fremu ya kumlinda dereva ikipinda, hubadilishwa, hainyooshwi wala kuchomelewa. Lililoungua ndilo gumu zaidi: nyaya, sili, mirija na matairi huonekana, lakini chuma kilichopashwa moto mkali hupoteza ugumu wake bila kuonyesha. Moto ukiwa umefika giaboksi, uza.

Hesabu

Andika bei tatu: bei ya sokoni sasa hivi ya trekta hilo likiwa zima, bei yake kama lilivyo leo, na gharama ya kulikamilisha. Gharama iwe ya kasoro zote, pamoja na matairi yaliyokwisha na breki, si ile iliyolisimamisha tu. Ikiwa sehemu mbovu haijafunguliwa, ongeza asilimia 30. Pesa ulizokwisha kutumia mwaka jana haziingii. Zimeshaondoka kwa njia zote mbili.

Tuseme trekta zima ni 100, kama lilivyo ni 30, matengenezo ni 45. Ukiongeza asilimia 30, matengenezo ni 58.5. Tofauti ya 100 na 30 ni 70, kwa hiyo kutengeneza kunabakiza 11.5. Ikijitokeza kasoro nyingine ya 15, unafika 73.5, na kutengeneza sasa kunakula mtaji. Weka pia gharama ya kukodi trekta wakati lako liko kwa fundi, hasa kama spea zinaagizwa mbali na msimu umekaribia.

Hesabu hiyo ikikaribiana, pima hivi: trekta lingine la bei hiyo litakuja na kasoro usizozijua, wakati hili unalijua hadi ndani. Hapo kutengeneza kuna haki. Lakini kasoro kubwa mbili katika sehemu mbili tofauti, kwa mfano kranki mbele na pinioni nyuma, au hausingi iliyopasuka isiyo na mbadala: uza, hata kama hesabu inakubembeleza.

Ukiamua kuuza

Ukiuza vipande vipande utapata zaidi, lakini inachukua miezi, na pampu ya nozeli, matairi, stata na ekseli ya mbele zikishakwenda, unabaki na magamba yasiyo na mnunuzi. Kwa mtu asiye na nafasi wala muda, kuuza zima ni bora. Usiondoe vitu vizuri kimyakimya. Trekta lililofunguliwa nusu hushuka bei kuliko thamani ya kilichotolewa. Bolti na vipuri vilivyofunguliwa viwekwe kwenye mifuko yenye alama. Mweleze mnunuzi kasoro ulizozipima, mwonyeshe beringi na hedi zenyewe, na mwandikiane kwamba limeuzwa kama lilivyo, pamoja na namba ya trekta (ile inayoitwa ya chesisi) na ya injini.

Siku ya kulipakia, jaza upepo matairi ili lisukumike. Trekta lililokufa mara nyingi halina usukani mwepesi wala breki za kutegemewa: livutwe kwa winchi iliyofungwa sehemu ya chini ya kuvutia, si kwenye ekseli au topulinki (mkono wa juu wa kufungia zana), kabari zifuate magurudumu hatua kwa hatua, na asiwepo mtu nyuma yake wala karibu na kamba ya chuma iliyokazwa.